UZI: Viwanda vyetu vinaingiza nini langoni? Maeneo ya viwanda Uganda kwa jicho la forodha

Wakala_Malaba (mwenye uzi)

Wakuu, heshima kwenu wote, wa Mbale, Jinja, Kampala hadi Bunyoro, na majirani wa Kenya na Tanzania mnaosoma kimya kimya.

Kila bajeti ikisomwa tunaambiwa viwanda vimeongezeka, maeneo ya viwanda yatakuwa zaidi ya 20 nchi nzima, na ajira ni maelfu kwa maelfu. Sibishi. Namanve napita, Kapeeka nimefika, na Mbale ndiyo mji wangu wa karibu. Ila riziki yangu ni kutoa mizigo forodhani, na mtoa mizigo hukiona kiwanda kwa mlango wa nyuma. Siku ya kukata utepe hatualikwi. Tupo siku kontena linapofunguliwa.

Kuna kiwanda ukifungua mzigo wake unakuta mashine, vipuri na kemikali kidogo, basi. Vilivyobaki anavichimba au anavinunua hapa hapa. Kuna kingine unakuta bidhaa imeshakaribia kwisha huko ilikotoka, imebaki kubanwa skrubu mbili tatu, na boksi la kufungia limeshachapwa kwamba imetengenezwa Uganda. Kwenye ripoti ya serikali hivyo ni viwanda viwili, sawa kwa sawa.

Kabla hatujarushiana maneno, kuna jambo watu wanalichanganya humu kila siku. Eneo la viwanda na eneo huru ni vitu viwili. Eneo la viwanda, kama Namanve au Mbale, ni ardhi iliyopimwa na kuwekewa (au kuahidiwa) barabara, maji na umeme, na msimamizi wa sera ni Mamlaka ya Uwekezaji, UIA. Ukizalisha humo unauza popote, hata duka la jirani. Eneo huru lina sheria yake ya mwaka 2014, na kiforodha ukivuka uzio wake ni kana kwamba umetoka nje ya nchi. Malighafi inaingia bila ushuru, lakini kanuni za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinakutaka uuze nje ya Jumuiya angalau 80% ya unachozalisha. Ile 20% ukiileta sokoni kwetu unailipia ushuru kamili kama mzigo wa kigeni. Mamlaka ya Maeneo Huru yenyewe iliunganishwa mwaka 2024 na bodi ya kukuza mauzo ya nje. Kwa hiyo mtu akikuambia "wale hawalipi ushuru, wako kwenye zoni", muulize zoni ipi.

Kinachowavuta wawekezaji ni msamaha wa kodi ya mapato wa miaka 10. Mgeni anatakiwa aje na dola milioni 10, raia dola 300,000, na raia anayejenga mikoani dola 150,000. Sheria hiyo hiyo ina sharti ambalo halipigiwi tarumbeta: angalau 70% ya malighafi itoke hapa nchini, *kama inapatikana*. Katika hayo maneno mawili ndimo malori yote yanamopita.

Hoja yangu ni hii. Eneo la viwanda lipimwe kwa fedha linazoacha kwa watu wanaolizunguka: mkulima, mchimba udongo, mwenye lori, fundi wa kuchonga vipuri. Takwimu hiyo sijaisikia kwenye hotuba hata moja. Karibuni.

---

Fundi_Namatala

Mzee Wakala, shikamoo. Malighafi nakuachia wewe, mimi nina la watu.

Nimefanya kazi kwenye kiwanda kimoja huku mashariki, jina nabaki nalo. Saa kumi na mbili asubuhi tunakuwa tumejaa langoni, vijana kwa kina mama, kila mtu na kitambulisho mkononi. Anatoka msimamizi na daftari, anaanza kunyoosha kidole: wewe, wewe, wewe mwenye kofia. Asiyenyooshewa anaondoka, au anakaa kwa mama wa chai akisubiri labda mtu wa zamu atazimia kwa joto. Sisi hiyo tunaiita leja leja. Mchana posho (ndiyo ugali wetu) na maharagwe, na jioni kwenye hesabu unakuta bei ya hiyo posho imekatwa.

Sasa sikilizeni ujanja wenyewe. Kanuni za ajira za mwaka 2011 zinasema kibarua asizidishwe miezi minne. Ikizidi anastahili mkataba wa maandishi na haki zote. Kwa hiyo mwezi wa nne ukikaribia unaambiwa nenda kapumzike nyumbani tutakupigia. Unapigiwa kweli, baada ya wiki mbili, unapewa kadi mpya yenye namba mpya, na wewe ni mgeni wa leo. Pale miaka inapita watu wakiwa "wapya". NSSF, ambako mwajiri anatakiwa aweke 10% na wewe 5%, utaisikia redioni.

Msiniulize kima cha chini. Cha Uganda ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kiliwekwa mwaka 1984. Leo hiyo haifiki hata nusu kilo ya nyama. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kukibadilisha, Rais akakataa kutia saini.

Kwa hiyo wakisema ajira maelfu, tuulize ni watu elfu au ni kadi elfu.

---

Mzalendo_256

Nyinyi kazi yenu kulaumu tu. Kijana wa Mbale miaka kumi iliyopita alikuwa anacheza ludo chini ya mwembe. Leo anaamka ana pa kwenda. Wachina wa Tian Tang wameingia Mbale 2018, wameweka barabara za ndani bila kungoja serikali, wakaita viwanda vingine. Nani kati yenu alikuwa na hizo pesa?

Na kufunga skrubu nako ni shule. China yenyewe ilianza kwa kufunga skrubu za watu.

---

Masese_Jinja

Wanangu, mimi nimekulia Walukuba, kwenye zile nyumba zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda, kwa hiyo niacheni nirudi nyuma kidogo. Uganda haijaanza mambo haya na Namanve.

Mwaka 1952 serikali ya kikoloni iliunda Shirika la Maendeleo la Uganda, UDC. Bwawa la Owen Falls likafunguliwa na Malkia Elizabeth mwenyewe Aprili 1954. Hesabu ya wakubwa ilikuwa nyepesi: umeme wa bei rahisi ukiwepo, viwanda vitakuja vyenyewe. Na kweli vilikuja. NYTIL, kiwanda cha nguo cha Jinja, ikawa inasokota na kufuma pamba ya Busoga na Teso. Reli ilipofika Kasese mwaka 1956, shaba ya Kilembe ikawa inaletwa mpaka Jinja kuyeyushwa, maana tanuru linakula umeme na umeme uko hapa. Sukari ya Kakira na ya Lugazi ilikuwepo hata kabla ya bwawa. Vya kuendesha kiwanda vilitoka nchi hii hii, na ukisimama stesheni uliviona vikishushwa. Mzee wangu alikuwa zamu ya usiku, na king'ora cha kiwanda ndicho kilikuwa saa ya mtaa.

Lakini msidhani ilikuwa peponi. Viwanda havikuja kwa wingi waliotarajia. Umeme ukabaki. Mwaka 1955 wakatia saini kuiuzia Kenya megawati 30 kwa miaka 50. Bwawa lilijengwa ili Jinja iwe jiji la viwanda, na sehemu ya umeme ikawa inawasha Nairobi kupitia Tororo.

Sasa tazameni leo. Bujagali megawati 250, Isimba 183, Karuma 600 ambayo imezinduliwa rasmi Septemba 2024. Jumla tumevuka megawati 2,000 za mitambo, na matumizi ya juu ni kama nusu yake. Umeme ambao haukununuliwa unalipiwa hivyo hivyo kwa mujibu wa mikataba. Rais amesema mara nyingi viwanda vipate uniti kwa senti 5 za dola. Ndiyo maana baadhi ya maeneo ya viwanda yamejengewa vituo vyake vya umeme: Namanve Kusini, Luzira, Mukono, Iganga. Tunatafuta wateja wa umeme, ndugu zangu. Hiyo ndiyo sehemu ambayo haisemwi kwa sauti.

Baada ya 1972 Waasia walipofukuzwa, nafikiri kila mtu anajua kilichofuata. Mashine zilibaki, waliojua kuagiza vipuri wakaondoka. Pamba yetu mpaka leo sehemu kubwa inauzwa nje ikiwa imechambuliwa tu, halafu tunavaa mitumba.

---

Wakala_Malaba

Mzee wa Masese, marahaba kwa darsa. Hilo la stesheni ndilo lenyewe.

Ndugu Mzalendo, hoja ya skrubu si ya kutupa, nami nakubali kwamba kufunga vipande ni mwanzo. Ila nikueleze forodha inavyokaa ndipo uone kwa nini wengine hawana haja ya kutoka kwenye huo mwanzo.

Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una ngazi. Malighafi na mashine 0%. Bidhaa iliyofika katikati 10%. Bidhaa iliyokamilika 25%. Tangu Julai 2022 ikaongezwa ngazi ya 35% kwa baadhi ya bidhaa ambazo nchi zetu zinasema zinaweza kuzitengeneza, mfano samani na nguo. Sasa wewe ni mfanyabiashara. Ukileta kitu kizima unalipa 25 au 35. Ukikivunja vipande, ukaomba kila kipande kisomeke kama malighafi ya kiwanda, unalipa sifuri au kumi. Hapo faida yako imeshapatikana mpakani kabla hujawasha taa ya kiwanda. Kwa nini uhangaike kumfundisha fundi wa Namatala kutengeneza kitako cha balbu? Ukianza kukitengeneza hapa unabeba gharama ya majaribio, mali mbovu na mafunzo, na ushuru unaouepuka ni ule ule sifuri.

Kwa hiyo silaumu Mchina wala Mhindi wala Muganda. Mtu anafuata hesabu ilivyopangwa. Ipangwe vingine: mwaka wa kwanza funga vipande, mwaka wa tatu kipande fulani kisiruhusiwe tena kwa sifuri, mwaka wa tano kingine. Bila ratiba, shule ya skrubu haina darasa la pili.

Linganisheni na saruji ya Tororo. Chokaa iko mlimani pale, unaiona kwa macho. Au vigae vya Kapeeka, Nakaseke, ndani ya eneo la Liao Shen: udongo ni wa hapa, na vigae vinavuka hadi Sudan Kusini na Kongo. Yule hata akitaka kufunga safari arudi kwao, mlima hauwezi kumfuata.

---

Mhasibu_Bweyogerere

Namanve nitaisema mimi maana naishi jirani. Ekari 2,200, zamani ulikuwa msitu wa hifadhi, ukaondolewa kwenye hifadhi miaka ya 1990. Viwanja viligawiwa mapema sana, barabara hazipo, maji hayapo. Waliojenga walijenga kwenye tope, mvua ikinyesha lori linalala njiani na mzigo. Wengine hawakujenga kabisa, wakakaa na hati wakisubiri bei ipande, na UIA ikabidi ianze kuwanyang'anya. Kazi kubwa ya miundombinu ilianza 2020 na kampuni ya Lagan ya Uingereza, kwa mkopo wa euro zaidi ya milioni 200 ulioungwa mkono na serikali ya huko.

Ukiniuliza mimi mhasibu, pesa nyingi zaidi iliyopatikana Namanve kwa miaka mingi haikutoka kiwandani. Ilitoka kwenye ardhi.

Na umeme, mzee wa Masese, megawati zipo lakini njia ya kuzifikisha ni mgonjwa. Kwa kiwanda cha soda umeme ukikatika dakika kumi ni hasara ndogo. Kwa wale wanaoyeyusha vyuma chakavu ni msiba. Chuma kikiwa kimiminika ndani ya tanuru, umeme ukakata, kinaanza kuganda humo humo. Ukichelewa unavunja kwa nyundo, na yale matofali ya ndani ya tanuru yamepasuka, unayajenga upya. Umeme ukirudi baada ya saa moja unakuta umepoteza wiki. Umeme wa senti 5 unaokatika kwake ni ghali kuliko wa senti 10 unaokaa. Umeme wa majumbani na viwandani sasa uko chini ya UEDCL, kampuni ya serikali ya kusambaza umeme, tangu mkataba wa miaka 20 wa kampuni binafsi iliyoitwa Umeme ulipokwisha Machi 2025. Tuwape muda, lakini si mwingi.

---

Kimara_Mwisho

Hodi wakuu, mtu wa Dar hapa. Sisi tunaziita kongani, na hadithi zinafanana kwa kweli. Swali langu moja: hayo maeneo kabla hayajawa maeneo, nani alikuwa akilima pale?

---

Mwana_wa_Bunyoro

Kimara, karibu, na umegusa kidonda.

Kabaale, Hoima. Kilomita za mraba 29 na ushei zilichukuliwa kuanzia mwaka 2012 kwa ajili ya kiwanda cha kusafisha mafuta. Vijiji 13, watu zaidi ya 7,000. Waliotaka pesa walipewa pesa, kwa makadirio ambayo wengi waliyapinga. Waliotaka ardhi kwa ardhi walisubiri miaka, wakapelekwa Kyakaboga kwenye nyumba zilizopangwa mstari kama kambi. Mtu wetu amezoea nyumba katikati ya shamba lake, mbuzi nyuma, migomba mbele. Ukimpanga mstari, shamba liko kule, ameshakuwa mtu mwingine.

Leo ardhi ile ndiyo inaitwa Eneo la Viwanda la Kabalega. Uwanja wa ndege wa kimataifa uko ndani. Bomba la kwenda Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, linaanzia huko. Kiwanda cha mafuta cha mapipa 60,000 kwa siku, mkataba umetiwa saini Machi 2025 na Alpha MBM ya Falme za Kiarabu, wao 60% na kampuni yetu ya taifa 40%. Mbolea, plastiki, ghala la mazao, vyote vimo kwenye ramani ya rangi rangi.

Mimi siombi mbolea wala plastiki. Naomba mayai. Kambi za mafuta zinalisha watu maelfu. Nyanya na mayai yanatoka wapi? Mara nyingi wenye tenda huyanunua mbali, kwa sababu mkulima wa Buseruka hawezi kuleta trei mia kila Jumatatu za ukubwa mmoja zenye karatasi zote. Mzee Wakala anasema tuangalie malori. Mimi naangalia pikapu.

---

Nakiru_Teso

Kaka wa Bunyoro, mayai yako nayaelewa, sisi yetu ni machungwa.

Kiwanda cha matunda kilichoko Arapai, Soroti, kilifunguliwa 2019 kwa msaada wa Wakorea kupitia KOICA. Kitu kizuri ambacho wengi hawakijui ni kwamba wakulima wa Teso kupitia ushirika wao wana 20% ya hisa, serikali kupitia UDC ina 80%. Ndiyo UDC ile ile ya mzee wa Masese, imefufuliwa. Kwa hiyo hapo malighafi si ya kutafuta, tunaimiliki na kiwanda kwa pamoja.

Lakini mwenye shamba anajua shida iko wapi. Machungwa yanaiva kwa mkupuo. Wiki zile kila mti Teso umejaa, mashine hata ikizungushwa usiku na mchana ina kikomo chake, na chungwa halingoji. Anakuja mfanyabiashara kutoka Kenya na lori lake, anajua una haraka, anataja bei akiangalia pembeni. Nawe unampa. Miezi mingine mashine inataka matunda na miti imekauka. Kinachotakiwa kati ya mti na mashine ni vyumba vya baridi na kuhifadhi juisi nzito kwenye mapipa, nacho ni kazi ya pesa nyingi isiyo na utepe wa kukata. Na aina za miti: tulipanda chochote tulichogawiwa, huku kiwanda kinataka chungwa lenye maji mengi, si lile la kumenya na kula.

---

Mzalendo_256

Dada Nakiru nimekuelewa. Wengine wamekuja na lawama, wewe umekuja na kazi. Nauliza: reli si itasaidia?

---

Wakala_Malaba

Itasaidia, ikifika. Mkataba wa reli ya kisasa Malaba hadi Kampala, kilomita 272, ulitiwa saini Oktoba 2024 na Yapı Merkezi ya Uturuki. Ya Kenya imeishia Naivasha tangu 2019 na sasa wanaisukuma kuja huku. Reli zikikutana, kontena kutoka Mombasa litashuka bei, na hapo ndipo naogopa kidogo, maana kinachoshuka bei kwanza ni kile kinachoingia. Reli inayoleta vipande kwa bei rahisi na kurudi na mabehewa matupu haitakuwa imemsaidia mtu wa Teso.

---

Kijana_Bulambuli

Wazee shikamooni. Mimi sina dola 150,000, nina ekari sita za mahindi na wenzangu kumi na wanne tuna zetu. Kuna kiwanda cha vyakula vya mifugo nilikwenda kuuliza, mlinzi akaniambia hawanunui kwa mtu mmoja mmoja, nikarudi. Tufanyeje?

---

Wakala_Malaba

Marahaba kijana. Mlinzi hakukutukana, amekuambia ukweli wa ofisi ya manunuzi, kwa ufupi wa mlinzi.

Mwenye kiwanda anapofunga hesabu, URA, mamlaka ya mapato, inamuuliza risiti ya kila shilingi aliyotumia. Mzigo wa kutoka nje una hati zake zote kwenye mfumo, mimi mwenyewe namwandalia. Gunia lako lina nini? Daftari la mkono. Ndiyo maana anapita kwa dalali mwenye TIN (namba ya mlipakodi) na risiti za EFRIS, mfumo wa URA wa risiti za kielektroniki, na dalali anakula katikati yenu. Sajilini kikundi, chukueni TIN ya kikundi, fungueni akaunti ya benki ya kikundi, mnunuzi alipe humo. Kwa afisa ushirika wa wilaya mtaelekezwa namna ya kusajili.

La pili ni unyevu. Kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki ni 13.5%. Ukipeleka mahindi ya 17 lori linageuzwa langoni, na nauli ya kurudi ni yako. Acheni kuanika chini kwenye udongo, tafuteni turubai. Na kabla hamjanunua hata gunia moja la kufungashia, changeni mnunue kipima unyevu cha mkononi, halafu mpime nyumbani kwenu, si kwenye mizani ya mtu.

Mkishapata tani kumi zenye kipimo kimoja, nitumie ujumbe faragha. Lori la kurudi Mbale tupu kutoka huko juu linapatikana karibu kila siku, na dereva wake anachukua nusu ya bei.